Kipupwe Hakingoji Sikukuu ya Mashujaa

Kila inapofika tarehe 20 Oktoba, taifa hili husimama kuwakumbuka mashujaa wake. Bendera hupandishwa, gwaride hukaguliwa, hotuba husomwa, na wakongwe wachache waliosalia huketishwa mbele ili washikwe mikono na waheshimiwa na kupigwa picha. Ni desturi njema, nasi hatuna nia ya kuibeza. Hata hivyo, kuna neno linalofaa kunenwa mapema, kabla mabango hayajatundikwa. Katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, kutoka Meru hadi Embu, baridi kali ya mwaka huingia mwezi wa Juni na kukaa hadi Agosti. Ukungu hushuka asubuhi, jua hujificha siku kadhaa mfululizo, na vifua vya wazee hujaa. Mkongwe aliyeshindwa na baridi ya Julai hawezi kuhudhuria sherehe ya Oktoba. Heshima tuliyomwekea akiba itamkuta kaburini.

Shauri letu leo ni moja. Huduma ya afya kwa wakongwe wa vita ni deni wala si sadaka, na deni hilo sharti lilipwe kwa kufuata kalenda ya maradhi, si kalenda ya sherehe. Shauri hili twalielekeza kwa serikali ya taifa na ya kaunti, lakini zaidi kwa walimu na wanafunzi wa Kaaga, mtaa huu wa Meru ambapo Wamethodisti walifungua misheni mwaka 1912, na ambapo leo shule na Chuo Kikuu cha Kenya Methodist vimepakana na maboma ya wazee.

Kwanza yafaa tujue ni nani tunaowanena, kwa maana neno "mkongwe wa vita" limekusanya watu wa vizazi mbalimbali. Wa kwanza kabisa hawapo tena. Hao ni wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, waliobeba risasi na unga wa jeshi la Uingereza katika mapori ya Tanganyika kati ya 1914 na 1918. Wanahistoria wanakadiria kwamba zaidi ya wapagazi 40,000 kutoka Kenya hawakurejea makwao, na wengi kati yao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Kumbukumbu yao imesalia katika jina la mtaa wa Kariokor jijini Nairobi, na katika funzo moja ambalo hatujalishika sawasawa: kwamba askari huweza kuokoka na adui kisha akaangamizwa na ugonjwa.

Wa pili ni askari wa keya waliopigana katika Vita Vikuu vya Pili. Waafrika wapatao 98,000 kutoka Kenya waliingia jeshini wakati huo. Waliwapiga Waitalia nchini Ethiopia mwaka 1941, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 wakapenya misitu ya Burma chini ya mvua zisizokatika, wakipambana na Wajapani, ruba na malaria kwa wakati mmoja. Vita vilipokwisha, malipo ya kuagwa yalipangwa kwa rangi ya ngozi, Mwafrika akapewa sehemu ndogo tu ya kile alichopewa Mzungu wa cheo kile kile. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza msaada wa takriban pauni milioni 12 kwa wakongwe maskini wa Jumuiya ya Madola waliolitumikia jeshi lake kabla ya uhuru wa nchi zao, ili wapate angalau milo miwili kwa siku. Ulikuwa msaada wa maana. Lakini ulifika miaka 73 baada ya vita, wakati wengi waliostahili kuula walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Wa tatu ni wapiganaji wa msituni. Uzi unaowaunganisha na wale wa keya ni mfupi kuliko wengi wanavyodhani. Waruhiu Itote, aliyejulikana kwa jina la Jenerali China, alikuwa amepigana Burma chini ya bendera ya Uingereza kabla ya kuongoza vikosi vya Mau Mau katika Mlima Kenya. Hapa Meru, Field Marshal Musa Mwariama alidumu msituni hadi nchi ilipopata uhuru mwaka 1963. Wenzao wengi hawakuwa na cheo wala jina la kuandikwa vitabuni. Wapo waliopigwa katika kambi za vizuizi, waliolala juu ya saruji tupu miaka na miaka, na wanawake waliochimba mahandaki kando ya msitu kwa amri ya wakoloni huku usiku wakiwapelekea wapiganaji chakula. Baada ya uhuru, Mau Mau iliendelea kuwa chama haramu katika vitabu vya sheria hadi mwaka 2003. Kwa miaka 40 mpiganaji huyo hakuweza hata kujiunga na wenzake kwa jina lao halisi ili wadai matibabu.

Wa nne ni askari waliostaafu kutoka Majeshi ya Ulinzi ya Kenya. Wapo waliolinda amani katika nchi za mbali kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, na wapo walioingia Somalia kuanzia Oktoba 2011. Baadhi yao waliponea El Adde tarehe 15 Januari 2016, au Kulbiyow tarehe 27 Januari 2017. Hawa si wazee wote. Wengine wangali na nguvu za mwili, ila wamebeba vyuma mifupani, au usingizi umewahama.

Msomaji ataona kwamba tatizo la hawa wote halifanani. Lakini kipupwe huwakusanya. Baridi hubana mishipa ya damu, shinikizo likapanda, na hatari ya kiharusi na ya moyo kusimama ikaongezeka. Baridi yabisi huamsha maumivu katika viungo vilivyowahi kuvunjwa au kutegushwa. Kifua kilichopata kuugua kifua kikuu, au kilichovuta moshi wa kuni miaka 60, hakina akiba ya kupambana na mafua yanayomwachilia kijana baada ya siku tatu. Nimonia ya mzee, nayo, ina hila. Mara nyingine haiji na homa kali. Huja kwa kuchanganyikiwa ghafla, kukataa chakula, kupumua harakaharaka na kulala mchana kutwa. Jamaa husema, "Ni uzee tu," na siku mbili baadaye huenda kutafuta jeneza.

Kuna na adui mwingine ambaye huingizwa nyumbani kwa mapenzi. Usiku wa Julai jiko la makaa huwekwa chumbani mwa mzee, dirisha likafungwa, mlango ukasindikwa kwa gunia ili baridi isipenye. Makaa hayo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua aliyelala bila kumwamsha. Kinga yake haihitaji daktari bingwa. Yahitaji mtu wa kueleza jambo hili mapema, na blanketi la pili.

Yapo pia maradhi ya moyo wa ndani. Mzee anayeshtuka usiku wa manane akipiga kelele husemekana kuwa amelogwa. Askari aliyerudi kutoka Somalia, akawa mkali kwa watoto na rafiki wa chupa, huitwa mlevi na jambo likaishia hapo. Matabibu walikwisha kubaini tangu Vita Vikuu vya Kwanza kwamba vita huacha jeraha akilini kama vile risasi iachavyo kovu mwilini. Kiwewe hicho hutibika. Hutibika kwa mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, kwa dawa inapobidi, na kwa jamaa wanaojua kwamba mgonjwa wao si mwovu. Nayo miezi ya mvua na ukungu, mtu anaposhinda ndani peke yake na mawazo yake, humzidishia uzito.

Sasa tuulize: je, nchi haijafanya lolote? Kusema hivyo kungekuwa dhuluma. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata huduma ya afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa, na kifungu cha 57 kinaitaka serikali iwalinde wazee waishi kwa heshima. Bunge lilipitisha Sheria ya Mashujaa wa Kenya mwaka 2014, na Sheria ya Wanajeshi Wastaafu mwaka 2022. Jijini Nairobi ipo hospitali kuu ya majeshi, na upo mpango wa bima ya matibabu kwa wanajeshi wastaafu. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua mahali pa ile hazina ya zamani ya NHIF. Vijijini, wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walizinduliwa mwaka 2023, wakapewa vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari. Wazee waliotimiza miaka 70 na kuandikishwa katika mpango wa Inua Jamii hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi.

Kwa hiyo kasoro haiko katika wingi wa sheria. Kasoro iko katika mwendo wa mita mia mbili kati ya kitanda cha mzee na barabara, na katika kilomita zaidi ya 200 kati ya Meru na Nairobi. Hospitali ya majeshi haimfai mtu asiyeweza kukaa garini saa tano. Bima ya wastaafu humfaa aliyeikuta akiwa kazini. Ada ya SHA, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi kwa kila kaya, ni ndogo kwa mwenye mshahara, lakini si ndogo kwa anayeishi kwa zile shilingi 2,000 za Inua Jamii. Na zaidi ya yote, mpiganaji wa msituni hana namba ya jeshi wala cheti cha kuachishwa kazi. Msitu haukuwa na karani. Akiulizwa karatasi, huonyesha kovu.

Afrika Kusini ilikabiliwa na swali hilo hilo. Sheria yake ya wakongwe wa kijeshi ya mwaka 2011 iliwahesabu pamoja askari wa jeshi la serikali na wapiganaji wa majeshi ya ukombozi, wale wa Umkhonto we Sizwe wakiwamo, na kuwatajia wote haki ya matibabu na ushauri nasaha. Utekelezaji wake umelalamikiwa mara nyingi, lakini msingi wake ni wa haki. Nchini Marekani, idara inayoshughulikia askari wastaafu ina vituo vikubwa vya matibabu wapatao 170, na kila mwaka kabla ya majira ya baridi huwaita wastaafu waliosajiliwa wachanjwe dhidi ya homa ya mafua bila malipo. Hatusemi kwamba Kenya ina mali ya Marekani. Twasema kwamba kuita watu kabla ya baridi si jambo la mali nyingi. Ni jambo la kutazama kalenda.

Atatokea mtu aulize: kwa nini mkongwe wa vita atangulizwe, ilhali ajuza jirani yake, aliyelima kahawa maisha yake yote, anaugua kifua kile kile? Swali hili ni la haki, nalo lastahili jibu la haki. Jibu la kwanza ni kwamba askari alitumwa. Taifa, au jamii iliyotaka kuwa taifa, ilimwagiza auweke mwili wake hatarini kwa ajili ya wengine, na mwenye kutuma hawajibiki kwa nauli ya kwenda peke yake, bali na ya kurudi. Mgala muuwe na haki umpe, sembuse huyu ambaye si adui bali ni mlinzi. Jibu la pili ni kwamba ajuza huyo, ukimuuliza vizuri, huenda naye alibeba kikapu cha chakula hadi ukingoni mwa msitu mwaka 1954. Jibu la tatu ni kwamba mlango ukifunguliwa kwa ajili ya mkongwe haufungwi nyuma yake. Muuguzi akifika bomani kumpima mzee mmoja, atampima na mkewe, na jirani pia.

Wengine watasema kwamba wakongwe bandia ni wengi, na kwamba orodha yoyote itajazwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati wa Hali ya Hatari. Udanganyifu upo. Lakini hesabu rahisi yatosha kuupunguza: aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1952 amekwisha kupita miaka 90. Watu wa umri huo katika kata moja hawazidi uwezo wa chifu, wazee wa Njuri Ncheke na wazee wa kanisa kuwajua mmoja mmoja. Kuogopa wadanganyifu wachache na kwa hivyo kumnyima dawa aliye mkweli ni sawa na kufunga kisima kwa sababu chura ameingia.

Tena muda haupo. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wahasiriwa 5,228 wa mateso ya wakati wa Mau Mau jumla ya pauni milioni 19.9. Kesi nyingine ya watu zaidi ya 40,000 ilishindwa huko London mwaka 2018, mahakama ikishikilia kwamba miaka mingi mno ilikuwa imepita. Yaweza kuwa ndivyo sheria inavyonena katika mahakama za Uingereza. Hapa kwetu serikali haina ruhusa ya kujikinga kwa hoja hiyo, maana kuchelewa ni kwake mwenyewe.

Twapendekeza, basi, mambo manne. La kwanza ni daftari. Kila kaunti iandike majina ya wakongwe wake wote, wa jeshi na wa msituni, pamoja na wajane wao, na daftari hilo likae katika zahanati ya karibu, si katika kabati la ofisi jijini. La pili ni kwamba mwezi wa Mei uwe mwezi wa wakongwe. Kabla kipupwe hakijaingia, wahudumu wa afya ya jamii wafike kwa kila aliyeandikwa, wapime shinikizo na sukari, wasikilize kifua, wahakikishe dawa za miezi mitatu zipo, na chanjo ya homa ya mafua, ambayo Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa wazee, itolewe bila malipo. La tatu ni ada. Sheria ya bima ya afya ya jamii ya mwaka 2023 imempa serikali jukumu la kuwalipia wasio na uwezo. Wakongwe wa daftari hilo waingizwe mara moja. La nne ni akili. Hospitali ya Rufaa ya Meru iwe na siku maalumu ya kliniki ya kiwewe, ambapo mzee wa msituni na kijana wa Somalia wataweza kuketi ukumbi mmoja. Huenda wakafaana kuliko tunavyofikiri.

Sasa twawageukia ninyi, walimu na wanafunzi. Msiseme kwamba haya ni ya wakubwa. Mtaala wa umilisi umeweka Mafunzo ya Huduma kwa Jamii katika shule za sekondari ya juu, na mara nyingi mafunzo hayo huishia kuokota takataka sokoni. Kaaga mna kazi bora zaidi iliyo karibu. Wanafunzi wa uuguzi na utabibu wana mikono iliyofunzwa. Wale wa shule wana miguu na kalamu. Kundi la wanafunzi wanne pamoja na mwalimu wao, likifuatana na mhudumu wa afya wa kijiji, laweza kumtembelea mzee mmoja kila juma tangu Juni hadi Agosti. Kazi yao ni kuhakikisha kwamba dirisha lafunguka, jiko linatolewa nje kabla ya kulala, kuni zimepasuliwa, uji umenyweka, vidonge vimehesabiwa. Wakiona mzee anapumua harakaharaka au maneno yake yamevurugika tofauti na juma lililopita, wapeleke habari siku hiyo hiyo, wasingoje kesho.

Mwende kwa adabu. Bisheni hodi, subirini mkaribishwe, keteni mlipoonyeshwa. Msimhoji mzee habari za kambi au za mauaji kama kwamba mnajaza fomu ya mtihani. Akitaka kusimulia, msikilizeni hadi mwisho. Akinyamaza, msimsukume, kwa kuwa kunyamaza ndiko kulikomwezesha kuishi. Mwalimu wa historia asimtume mwanafunzi kwenda kuchota hadithi kisha amwache mwenye hadithi na baridi yake. Atakayepokea simulizi na apeleke blanketi.

Wahenga walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema kwamba dawa yake ni kuimba, kupiga makofi au kutunuku nishani, ingawa hayo nayo yana mahali pake. Serikali iandae daftari na ada, hospitali iandae kliniki, shule ziandae ratiba ya muhula wa pili. Oktoba itakapofika, tutawatazama wazee walioketi mbele, na idadi ya viti vitakavyokuwa vitupu ndiyo itakayotuambia kama tulilipa.